Marion Barry: Wazungu ndio waliomvusha, Weusi ndio wanaochekwa kwa ajili yake

#1 Dereva_wa_Usiku (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitamlaumu.

Naendesha gari la abiria hapa Washington, DC, mwaka wa kumi na moja huu. Kulala nalala Silver Spring, upande wa Maryland, lakini maisha yangu yako barabarani. Pale Pennsylvania Avenue, mbele ya jengo la serikali ya jiji, kuna sanamu ya shaba waliyoizindua 2018. Ni ya Marion Barry, mtu aliyekuwa meya wa jiji hili mihula minne. Wengi wenu mnamjua kwa jambo moja tu, na najua mmeshatabasamu: ni yule meya aliyenaswa hotelini na FBI Januari 1990, kamera inarekodi, anavuta kokeni.

Nikipita pale na abiria najua atakachosema kabla hajafungua mdomo, kwa sababu anuani anakoshukia naiona kwenye simu. Wa Cleveland Park au Chevy Chase, Mzungu msomi, bango la kupinga ubaguzi limechomekwa kwenye bustani yake, huyo atacheka. "Mla unga naye kawekewa sanamu!" Wa kuvuka mto Anacostia, kwenye mitaa ya Weusi, tuseme mama wa makamo anayerudi Congress Heights, atatulia kidogo halafu atasema, "Yule ndiye aliyenipa kazi yangu ya kwanza." Hilo la kazi ya kwanza nimelisikia mara nyingi hadi nimeacha kuhesabu.

Wiki jana nikampakia mzee mmoja wa Kizungu, mstaarabu, katoka kwenye shughuli ya kumchangia mgombea fulani. Njia nzima ananihubiria kuhusu haki za watu weusi, na kwa kweli anasoma kuliko mimi. Tulipofika kwenye sanamu akaguna: "Sijaelewa mpaka leo hawa watu walimrudishaje madarakani mtu kama yule."

Hawa watu.

Ulimi uliniwasha wakuu. Nikakumbuka nyota tano, nikasema "ndiyo mzee". Jibu lake nimewaletea nyinyi.

#2 Dereva_wa_Usiku

Twende taratibu.

Barry kazaliwa 1936 Itta Bena, Mississippi, mtoto wa wakulima wa kupanga mashamba ya watu, akakulia Memphis. Alisoma kemia hadi shahada ya uzamili pale Fisk, na mwaka 1960 akawa mwenyekiti wa kwanza wa SNCC, ile kamati ya wanafunzi waliokuwa wanakwenda kukaa kwenye migahawa ya Wazungu hadi wapigwe. Mwaka 1965 akaja DC. Wakati huo jiji halikuwa na meya wa kuchaguliwa wala diwani wa kuchaguliwa, kila kitu kiliamuliwa na Bunge la Marekani, na kamati iliyoshika jiji ilitawaliwa na wabunge wa Kusini ambao hata kuishi na watu weusi mtaa mmoja hawakutaka. Barry akaongoza mgomo wa mabasi nauli ilipotaka kupandishwa, akaanzisha harakati ya Free DC ya kudai jiji lijichagulie viongozi, kisha 1967 Pride, shirika la kuwapa ajira vijana wa mitaani. Kanzu za kitenge, maneno makali, polisi wanamjua kwa jina.

Mamlaka ya kujichagulia viongozi yalikuja kwa sheria ya 1973. Barry akaingia baraza la jiji 1974. Machi 1977 watu wenye silaha walivamia majengo matatu ya mjini kwa wakati mmoja, likiwemo la serikali ya jiji, naye akapigwa risasi karibu na moyo. Akapona. Mwaka uliofuata akagombea umeya.

Sasa hapa ndipo yule abiria wangu alipopasahau. Kura za maoni za Democratic 1978 zilikuwa na vigogo watatu, wote weusi: meya aliyekuwepo Walter Washington, mwenyekiti wa baraza Sterling Tucker, na Barry. Kwa jiji hili aliyeshinda kura za maoni za Democratic ameshashinda, uchaguzi mkuu ni sherehe tu. Weusi wa tabaka la kati, wenye majumba kule juu 16th Street, walimwona Barry mhuni, mtu wa kanzu na kelele. Wao walikuwa na Washington na Tucker. Nani alimtaka Barry? Wazungu. Kata ya 3, Dupont Circle, Capitol Hill, jumuiya ya mashoga iliyokuwa inaanza kujipanga kisiasa, na gazeti la Washington Post likampigia debe. Kura zikagawanyika karibu theluthi kwa theluthi, Barry akamzidi Tucker kwa kura chache sana. Toa zile kata za Wazungu, Barry hakuwa meya.

Na usiniambie walikuwa hawamjui. Utata wake wote ulikuwa mezani. Ndio uliowavutia! Walitaka mwanaharakati halisi, aliyepigwa risasi, aliyepambana na wabaguzi wa Mississippi. Jaji Thurgood Marshall ndiye aliyemwapisha Januari 1979.

Miaka 16 baadaye, 1994, Barry huyohuyo katoka jela, kagombea tena. Safari hii Kata ya 3 ikamkimbilia Carol Schwartz, Mzungu wa Republican, kwenye jiji ambalo Republican hata harufu hana. Waliomrudisha ni Weusi, na mashariki ya mto ndiko walikompa kwa moyo wote. Kwa hiyo aliyeanza naye hachekwi. Anachekwa aliyemaliza naye.

Hapo ndipo nataka tujadili. Karibuni.

#3 Kiti_cha_Nyuma

Nimekaa mkao wa kula. Kahawa ipo.

#4 Mpemba_wa_Tandale

Sisi huku umeme unakatika wewe unatuletea meya wa Marekani aliyekufa. Inatuhusu nini?

#5 Dereva_wa_Usiku

Mpemba_wa_Tandale, mkuu kichwa cha uzi umekisoma, ukabonyeza, ukasoma, ukajibu. Inakuhusu kidogo.

#6 Bint_Mchikichini

Kaka Dereva, uzi mzuri ila umeukata upande. Unafanya kama vile kilichobadilika ni Wazungu tu. Kati ya 1978 na 1994 kuna mambo umeyaruka kwa makusudi.

Barry alichukua jiji, akaajiri, akaajiri, akaajiri tena. Watumishi wa jiji wakajaa hadi ofisi zikawa na watu wa kusukumana karatasi. Wasaidizi wake wawili waliokuwa manaibu meya walifungwa kwa wizi na rushwa. Mwishoni mwa miaka ya 80 kreki iliingia, na kuanzia 1989 mauaji yakapita 400 kwa mwaka, miaka mitano mfululizo, kwenye jiji la watu laki sita. Wengi waliouawa walikuwa vijana weusi. Meya wao usiku huo yuko wapi? Hotelini na kiko.

Tena waliomchoka hawakuwa Wazungu peke yao. Sharon Pratt Dixon aliyechukua umeya baada yake ni mwanamke mweusi, mtoto wa jiji, na aliingia kwa ahadi ya kufagia uchafu kwa koleo. Weusi wengi wa tabaka la kati walimpa kura. Kwa hiyo hili ni suala la tabaka kama lilivyo suala la rangi. Mama wa Congress Heights na daktari mweusi wa 16th Street hawakumwona Barry mmoja.

#7 Dereva_wa_Usiku

Dada umenishika pazuri na sibishi, tabaka lipo. Ila niongeze kwenye hiyo "akaajiri, akaajiri".

Kabla ya Barry, jiji lenye Weusi 7 katika kila watu 10 lilikuwa linatoa zabuni zake karibu zote kwa kampuni za Wazungu. Yeye akazielekeza kwa Weusi. Tabaka la kati la Prince George's County hapa Maryland, wenye nyumba za matofali na gari mbili, ukiuliza mizizi yake utaambiwa baba alikuwa na mkataba wa jiji au mama alikuwa ofisi fulani ya jiji. Na 1979 akaanzisha mpango wa ajira za kiangazi: kijana yeyote wa DC akitaka kazi shule zikifungwa, anapata. Hapo ndipo kauli ya "alinipa kazi yangu ya kwanza" ilipotoka.

Sasa angalia. Wakati utata wa Barry ulikuwa hotuba, kanzu na kovu la risasi, Kata ya 3 ilimpenda. Utata ulipogeuka kuwa bajeti, nani anapata kazi na nani anapata zabuni, mapenzi yakapoa. Kwenye uchaguzi wa 1982 msingi wake ulikuwa umeshahamia kwa Weusi maskini. Unga ulikuwa bado hata haujulikani! Kwa hiyo kokeni ya 1990 haikuwafukuza Wazungu, iliwakuta mlangoni wameshabeba mabegi.

#8 Jirani_wa_Mahakama

Kuhusu kesi naomba niweke sawa maana watu hurusharusha. Alishtakiwa makosa 14. Baraza la wazee wa mahakama, wengi wao Weusi, lilimtia hatiani kosa moja dogo la kukutwa na kokeni, likamwachia moja, na mengine 12 hawakukubaliana. Akala miezi sita.

Watu wa nje waliona video tu wakashangaa hukumu. Wenyeji waliona kingine: serikali kuu imemfuatilia meya mweusi kwa miaka, ikamtumia mwanamke aliyewahi kuwa mpenzi wake kumvuta hotelini, ikamwekea mtego. Hapa DC kuna kitu wenyeji wanakiita Mpango, kwamba Wazungu wana mkakati wa kulichukua jiji tena. Mimi nilikuwa nacheka nikiusikia. Mwaka 2011 ndipo Weusi wakashuka chini ya nusu ya wakazi, na kodi ya chumba U Street ukiiona utaomba maji. Sisemi Mpango upo. Nasema aliyekuwa anacheka sasa hacheki sana.

#9 Upepo_wa_Ziwani

Niko Chicago, nipeni kiti.

Dereva unampa Mzungu mliberali sifa asiyostahili. DC ilikuwa rahisi kwao, wagombea wote watatu walikuwa weusi, jiji ni la Weusi, hawana cha kupoteza. Njooni Chicago 1983 mkamwone mliberali anapotakiwa achague kati ya chama chake na rangi yake.

Harold Washington, mbunge, alishinda kura za maoni za Democratic kwa sababu Wazungu waligawana kati ya meya Jane Byrne na Richard M. Daley, mtoto wa meya wa zamani, yule Daley mzee. Chicago Republican hajashinda umeya tangu 1927. Kwa hesabu ya kawaida Harold amemaliza kazi. Thubutu! Viongozi wa Democratic wa kata za Wazungu wakaanza kumnadi hadharani mgombea wa Republican, Bernard Epton. Huyu Epton naye sikilizeni kichekesho: mwenyewe ni Myahudi wa Hyde Park, na kwenye bunge la Illinois alikuwa na rekodi ya kiliberali kabisa. Tangazo lake la televisheni likaishia na maneno "kabla hujachelewa". Kuchelewa nini? Kila mtu alijua.

Harold alikuwa na doa, tena si dogo kwa karatasi. Mwaka 1972 alifungwa zaidi ya mwezi kwa kutowasilisha hesabu za kodi, ingawa deni lenyewe lilikuwa halifiki dola elfu moja. Leseni yake ya uwakili iliwahi kusimamishwa pia. Basi doa hilo likawa mwavuli. Mtu hasemi "simtaki mweusi", anasema "unajua mimi suala la kodi linanisumbua". Mji ambao madiwani wake kwenda jela ni kama kwenda likizo!

Jumapili ya Matawi mwaka huo Harold na Walter Mondale, aliyewahi kuwa makamu wa rais, walikwenda kanisa la St. Pascal upande wa kaskazini magharibi. Umati ukawazomea hadi wakaondoka, na mlangoni mwa kanisa mtu alikuwa kapuliza rangi maneno ya kumtakia mtu mweusi kifo. Kanisani, Jumapili ya Matawi.

Alishinda kwa takriban kura 48,000, watu zaidi ya milioni moja na robo wamepiga kura. Wazungu waliompa kura walikuwa mmoja au wawili katika kila kumi. Wengi wa hao ni wa kata za kando ya ziwa, wasomi, waliberali wenyewe. Wasingekuwepo, hashindi. Lakini hata kule ziwani wengi walikwenda kwa Epton nyuma ya pazia la kupigia kura. Kwa hiyo mliberali wa Kizungu ni mtu wa kweli, yupo, na anaweza kuamua uchaguzi. Ni mchache tu kuliko mabango yake.

#10 Kiti_cha_Nyuma

"Ni mchache kuliko mabango yake" 😂 hii naichukua.

#11 Mnyalu_Asiye_na_Haraka

Nauliza swali dogo tu wakubwa zangu. Ted Kennedy.

1969 gari lake lilitumbukia majini kule Chappaquiddick, binti aliyekuwa naye, Mary Jo Kopechne, akafa, na yeye akakaa saa nyingi bila kuripoti polisi. Alikiri kosa la kuondoka eneo la ajali, akapewa kifungo cha nje. Kisha Massachusetts ikamchagua useneta tena na tena hadi alipofariki 2009. Waliberali walimlilia kama simba wa Seneti, na sikatai, sheria nyingi nzuri zimepita mikononi mwake.

Sijawahi kusikia mtu akiuliza "hawa watu wa Boston walimchaguaje". Wanasema walitazama kazi yake, wakatenganisha mtu na matendo. Mama wa Congress Heights naye alitazama kazi, akatenganisha. Mmoja anaitwa mkomavu, mwingine anaitwa mjinga.

#12 Bint_Mchikichini

Mnyalu hiyo imeingia. Ila msinifanyie Kennedy akawa kisingizio cha Barry. Wote wawili walistahili kuulizwa.

#13 Mnyalu_Asiye_na_Haraka

Nakubali dada. Waulizwe wote, basi.

#14 Njia_ya_Richmond

Nyote mnamzungumzia mgombea mweusi. Geuzeni. Niko Virginia, nawaletea gavana Mzungu.

Februari 2019 picha ya kitabu cha shule ya udaktari cha 1984 ya Ralph Northam ilitoka, kwenye ukurasa wake mtu kajipaka masizi usoni kuwadhihaki Weusi na mwenzake kavaa nguo za Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi. Kwanza akakiri yumo, kesho yake akasema hayumo, ila siku nyingine aliwahi kujipaka. Chama chake kizima kikamtaka aachie ngazi. Waliokuwa wanautaka urais wakashindana nani awe wa kwanza kusema "ondoka". Kazini kwangu wenzangu Wazungu walikuwa kama wamefiwa.

Kisha uchunguzi wa maoni ya wananchi wa Washington Post na chuo cha Schar School ukatoka. Virginia nzima imegawanyika sawasawa. Weusi? Asilimia 58 wanasema abaki.

Wazungu kazini wakachanganyikiwa kabisa. Mimi nilimuuliza mama mmoja mweusi wa usafi, tunakula naye pamoja, akanijibu: "Mwanangu, sasa hivi ananidai." Ananidai kwa maana ya kwamba yeye gavana ndiye mwenye deni, Kiswahili changu kimeteleza, ni "namdai". Na alimdai kweli. Northam alimaliza muda wake. Machi 2021 Virginia ikafuta adhabu ya kifo, ya kwanza Kusini yote, na ikumbukwe waliokuwa wananyongwa wengi ni akina nani. Septemba sanamu ya Jenerali Lee ikang'olewa Richmond. Angeondoka 2019 kwa aibu ili wenzangu wa kazini walale vizuri, sijui kama yangetokea.

#15 Dereva_wa_Usiku

Njia_ya_Richmond umenifungulia kitu nilichokuwa nakipapasa.

Mliberali wa Kizungu akipiga kura anajiangalia pia yeye mwenyewe. Kura inamwambia yeye ni mtu wa namna gani. Kumchagua Barry 1978 kulimfanya ajione jasiri, kumkataa 1994 kulimfanya ajione muadilifu, kumtaka Northam aondoke kulimfanya ajione msafi. Mara zote tatu anashinda yeye. Mtu wa mashariki ya mto hana muda wa kioo. Anauliza taa ya barabarani itawaka lini na mwanangu kiangazi hiki atakuwa wapi.

Mnakumbuka 2020? Waliberali wa Kizungu wanagombana Sanders au Warren, wazee weusi wa South Carolina wakasikiliza neno la mbunge wao mweusi, Clyburn, wakampa Biden, mchezo ukaisha. Biden mwenye sheria yake ya jinai ya 1994 inayolalamikiwa hadi kesho! Wakaambiwa hawajui maslahi yao. Wanayajua. Walikuwa wanahesabu Wazungu wengine watampigia nani Novemba.

#16 Bint_Mchikichini

Hapo umekuwa mshairi kaka. Weusi nao hujiangalia kwenye kioo, walimchagua Barry 1994 kwa hasira pia, kuwaonyesha FBI. Alipowaambia Wazungu waachane na vinyongo vyao juu yake, watu mtaani walishangilia kama goli. Hiyo ni hesabu ya taa za barabarani?

Na matokeo yake: 1995 Bunge likaweka bodi ya kudhibiti fedha za jiji, 1997 Barry akabaki meya wa jina, idara nyingi amenyang'anywa. Uhuru ule alioupigania tangu 1966 ulirudishwa mikononi mwa Bunge akiwa yeye ndiye meya.

#17 Dereva_wa_Usiku

Sina jibu la hilo la mwisho. Najua deni la jiji lilianza kabla yake na jiji haliruhusiwi kutoza kodi majengo ya serikali kuu wala mishahara ya wanaofanya kazi humu na kulala Maryland (mimi nikiwemo, nisamehewe). Lakini ndiyo, iliuma.

#18 Kolo_Mpaka_Kampala

Wakuu mbona mnachimba makaburi wakati New York iko hai? Zohran Mamdani, mtoto wa Kampala, kazaliwa 1991, jina la kati Kwame kwa ajili ya Nkrumah. Baba yake Mahmood alifukuzwa na Amin 1972 na Wahindi wenzake, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 70, wazee wa Mlimani mnamjua. Juni 2025 kamwangusha Andrew Cuomo kwenye kura za maoni, Novemba akachukua jiji.

Waliombeba Juni ni nani? Vijana wapangaji wa Bushwick, Williamsburg, Astoria, na Wazungu waliberali wengi mno humo. Utata wake: msoshalisti, Palestina, kusimamisha kodi za nyumba, mabasi ya bure. Mitaa ya Weusi kama Brownsville na Canarsie ilikwenda kwa Cuomo, mtu aliyejiuzulu ugavana 2021 baada ya ripoti ya kusumbua wanawake 11. Hii si DC ya 1978 tupu?

#19 Mpemba_wa_Tandale

Sasa hapa panatuhusu! Mhindi wa Kampala ni Mwafrika au si Mwafrika? Maana nilisikia alipoomba chuo alitiki kisanduku cha Mwafrika Mmarekani.

#20 Kolo_Mpaka_Kampala

Mwaka 2009, akiomba Columbia, alitiki Mwasia na pia Mweusi au Mwafrika Mmarekani. Gazeti la New York Times lilitoa habari hiyo Julai 2025. Alisema visanduku havikumtosha, alitaka kuonyesha alikotoka. Na chuo walimkataa! Mimi nasema kazaliwa Mengo au Nakasero, kala rolex (chapati ya mayai) barabarani, ni Mwafrika. Lakini kile kisanduku cha Marekani hakiulizi ulizaliwa wapi. Kinauliza babu yako aliletwaje. Mweusi wa Brooklyn akikasirika ana haki.

#21 Dereva_wa_Usiku

Kolo mfanano upo, ila tofauti moja nzuri: Novemba Weusi wengi wa New York walihamia kwa Mamdani. Miezi ile minne alikwenda makanisani kila Jumapili, akakaa, akasikiliza. Barry alianza na Wazungu akamalizia na Weusi kwa miaka 16, huyu kakusanya wote ndani ya mwaka. Swali langu ni lilelile. Siku basi la bure litakapohitaji pesa kutoka kwenye kodi ya mwenye nyumba ya Park Slope, tutaona nani bado ana bango kwenye ngazi.

Na mashoga wa DC nao wana simulizi yao. Walimbeba Barry 1978, naye akawa mtetezi wao wakati wanasiasa wengi wanawakwepa. Desemba 2009 baraza la jiji linapitisha ndoa za jinsia moja kwa kura 11 kwa 2, Barry, wakati huo diwani, yumo kwenye zile mbili. Akasema wapiga kura wake wa Kata ya 8 ni watu wa kanisa. Yaani naye alikuwa ameshahama.

#22 Mzee_wa_Feri

Huwa nasoma tu, leo niacheni niandike, vidole vizito.

Baba yangu alitoka Tanga kuja kusoma Howard, tukabaki. Tulikuwa tunakaa Petworth, karibu na Georgia Avenue. Kiangazi cha 1982 nina miaka 15, Kiingereza changu bado cha kuokoteza, mama akanipeleka kwenye foleni ya kujiandikisha kazi. Foleni imezunguka jengo. Nikapangiwa kuokota takataka na kufyeka majani kwenye bustani kando ya mto Anacostia. Dola 3.35 kwa saa. Tulikuwa vijana kama ishirini, wote weusi, na bwana mmoja msimamizi aliyekuwa akitufokea tukichomoa shati nje. Cheki ya kwanza nilimpelekea mama bila kuikunja, akaiweka ndani ya msahafu siku mbili kabla ya kwenda benki.

Kwa hiyo nasema na mimi: alinipa kazi yangu ya kwanza.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka 27, nimepata uraia mwaka uliotangulia, ndiyo kura yangu ya kwanza maishani. Nilimpa Carol Schwartz. Nilikuwa nafanya kazi ofisi ya Wazungu, kila asubuhi mtu ananitania kuhusu meya, nikaona aibu. Nikasema ngoja jiji langu liache kuwa kichekesho kwenye televisheni. Mama alimpa Barry. Hatukuambiana. Alikuja kujua baadaye sana, akaniuliza tu, "Kwani walikutania nini?" Sikuweza kumwambia.

Dereva, huyo abiria wako mimi nilipiga kura sawa naye. Ndiyo maana uzi huu umeniharibia usiku.

#23 Bint_Mchikichini

Mzee shikamoo. Sasa ukipita kwenye sanamu unafanyaje?

#24 Mzee_wa_Feri

Marahaba mwanangu. Nashusha kioo.

#25 Dereva_wa_Usiku

Mzee shikamoo. Nimekusoma mara mbili nimeegesha pembeni. Nina abiria ananisubiri Georgia Avenue, anakwenda Tenleytown. Nitapitia Pennsylvania Avenue hata kama si njia.